"KEEP": NENO DOGO LENYE KAZI NYINGI

Msomaji mpenzi, hata kama hukupata kusoma Kiingereza kwa miaka mingi, neno tunalolieleza leo umekwisha kulitumia mara nyingi bila kujua. Jioni vijana wa Kalamba wanapocheza mpira, yule asimamaye golini huitwa kipa. Jina hilo limetoka katika neno la Kiingereza "goalkeeper", yaani mlinda goli. Na huko Tanzania, pale magari yanapozunguka katikati ya njia panda, watu hupaita kipilefti. Hicho nacho ni Kiingereza: "Keep left", maana yake shika upande wa kushoto. Kiswahili kilipoona "ki" mwanzoni mwa neno hilo, kilidhani ni ndugu yake kiti na kikapu; kwa hivyo vipilefti vikiwa viwili au vitatu hakuna ashangaaye.

Basi "keep" ni mgeni aliyekwisha ingia nyumbani. Lakini mgeni huyu ana tabia nyingi, na anayemfahamu kwa tabia moja tu atakosana naye siku moja. Tena makosa yake si ya kuchekesha tu. Mengine huharibu kazi ya ofisi, mengine hupoteza fedha za wakulima, na mengine huhatarisha roho za watu. Ndiyo sababu yafaa tulitazame kwa makini.

BARUA YA MKULIMA

Mimi mwenyewe nilifundishwa neno hili kwa aibu. Nilipoanza kazi ya ukarani nilikuwa kijana, na katika shule niliyosoma tuliambiwa kwamba "keep" maana yake ni kuweka. Hatukuambiwa zaidi, wala sisi hatukuuliza zaidi.

Siku moja ya Jumatatu mzee mmoja alileta ofisini barua ya kuomba mkopo wa mbegu na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mkubwa wangu hakuwapo. Niliipokea barua, nikaiweka mezani pake. Ijumaa aliporudi hakuiona, kwa sababu ilikuwa imefunikwa na karatasi nyingine. Aliniandikia kijikaratasi akiuliza barua ya mzee huyo iko wapi. Nami nikamjibu kwa Kiingereza nilichokiona ni safi kabisa: "I kept the letter on Monday."

Nilitaka kusema, "Niliiweka barua Jumatatu." Lakini nilichokisema ni hiki: "Niliizuia barua Jumatatu, ikabaki kwangu." Mkubwa wangu aliniita akiwa amekasirika. Aliniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kushika barua ya mtu kwa siku nne, na kama mzee yule alikuwa amekataa kunipa kitu. Nilisimama kama mti. Sikujua kosa langu li wapi. Mpaka nilipokwenda mezani pake nikaitoa barua kutoka chini ya karatasi, ndipo alipoelewa, akacheka kidogo, akaniambia: "Sema 'I put the letter on your table.' Ukisema 'I kept it', umejishtaki mwenyewe."

Mimi nilisamehewa. Lakini barua ya mzee ilifika kwa wahusika ikiwa imechelewa, na mvua za msimu ule zikaja kabla ya mbegu. Yeye hakujua kamwe kwamba taabu yake ilitokana na meza isiyopangwa na karani asiyejua maneno mawili madogo.

Kosa langu lilikuwa na asili yake. Katika Kiswahili neno "weka" hufanya kazi mbili. Twasema, "Weka sufuria mezani," maana yake itue hapo sasa hivi. Tena twasema, "Niwekee fedha hizi mpaka nirudi," maana yake zitunze. Mwingereza ametenganisha kazi hizo. Kitendo cha mara moja cha kutua kitu mahali, hicho ni "put". Kitendo cha kukiacha kitu kikae, kwa siku nyingi au kama desturi, hicho ndicho "keep". Tazama tofauti:

"Put the hoe in the store." Tia jembe ghalani, yaani lichukue sasa ulipeleke.

"Keep the hoe in the store." Jembe na likae ghalani, hapo ndipo pawe mahali pake siku zote.

Kanuni ni hii: kama waweza kutazama mkono ukifanya kazi hiyo na kuimaliza, tumia "put". Kama ni jambo la kudumu, tumia "keep".

UMBO LAKE NA ASILI YAKE

Kitenzi hiki hakifuati njia ya wenzake. Hatusemi "keeped". Kwa wakati uliopo twasema "I keep", na kwa mtu wa tatu "he keeps" au "she keeps". Kwa wakati uliopita twasema "I kept", na pia "I have kept". Tunapoongeza mwisho wa kuendelea huwa "keeping". Basi yakariri maneno manne: keep, keeps, kept, keeping.

Ni neno la zamani sana. Lilikuwamo katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, na maana yake ya kwanza ilikuwa kukamata, kuangalia na kuwa macho juu ya kitu. Wataalamu wamelitafutia ndugu katika Kijerumani, Kiholanzi na lugha nyingine za jamaa hiyo, wasimpate ndugu wa hakika. Yafaa kuikumbuka maana hiyo ya zamani, kwa sababu karibu maana zote za leo zimechipuka pale. Anayefuga mbuzi huwaangalia. Anayetunza siri huilinda. Kipa naye hulitazama goli asipepese macho.

KUFUGA, NA KUTONYANG'ANYWA

Maana ya kwanza impasayo mkulima kujua ni kufuga. "My father keeps goats" ni baba yangu hufuga mbuzi. "Many people in Kitui keep bees" ni watu wengi wa Kitui hufuga nyuki. Hapa Mkamba anayo maneno yake: kuithya kwa kuchunga mifugo, na kusuvia kwa kutunza na kulinda. Mwingereza hutumia "keep" kwa kufuga, na hutumia "keep" hiyo hiyo kwa kutunza.

Lakini kuna maana ya pili iliyo karibu sana nayo, nayo ni kubaki na kitu kilicho chako, usikitoe wala kunyang'anywa. Ukimpa mwenye duka noti ya shilingi mia kwa kitu cha shilingi tisini, na ukamwambia "Keep the change", maana yake shilingi kumi zilizobaki ni zake. Ukimpa rafiki kitabu na kumwambia "You may keep it", usitegemee kukiona tena, kwa maana umempa moja kwa moja. Kama ulitaka akisome tu na kukirudisha, ungesema "You may borrow it".

Historia ya Ukambani yatupa mfano mzuri wa maana hizi mbili kukutana. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Wilaya ya Machakos ipunguzwe kwa nguvu, ikisema kwamba ng'ombe ni wengi mno na ardhi inaharibika. Siku hizo Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Haikuwa wilaya peke yake mpaka mwaka 1992. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei ndogo. Mwezi wa Julai maelfu ya Wakamba, wanaume na wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Sasa tazama jinsi Kiingereza kingeweza kulieleza shauri lile kwa neno moja. Upande mmoja ulisema: "They keep too many cattle", yaani wanafuga ng'ombe wengi mno. Upande wa pili ulisema: "We want to keep our cattle", yaani twataka ng'ombe wetu wabaki mikononi mwetu. Neno ni moja, maana ni mbili, na katikati yake palikuwa na mali yote ya watu. Afasiriye maneno ya namna hiyo barazani akichanganya kufuga na kubaki na kitu, atakuwa amewapotosha wote wawili.

KUTUNZA VITABU SI KUVIFUNGIA

Sasa nasema na makarani, na waandishi wa vyama vya ushirika, na waweka hazina wa vikundi vya akina mama. Fikiria mkaguzi wa hesabu akija katika chama, akauliza kwa Kiingereza: "Do you keep books?" Mwandishi anajibu kwa furaha, "Yes, sir." Anakwenda chumbani, anarudi na sanduku lenye kufuli mbili. Analifungua. Ndani mna vitabu vipya vitatu, visafi, havina hata tone la wino. Mwandishi huyo hakusema uongo kwa nia yake. Aliulizwa kama anaweka vitabu, naye ameviweka vizuri sana, hata panya hakuvifikia.

Lakini "to keep books" maana yake ni kuandika hesabu, kila shilingi iingiayo na kila shilingi itokayo, siku kwa siku. Vivyo hivyo "to keep a record" ni kuandika kumbukumbu, na "to keep a diary" ni kuandika habari za kila siku katika kitabu. Mkulima aambiwaye na bwana shamba "Keep a record of your milk" haambiwi afiche karatasi. Anaambiwa aandike ni lita ngapi alizokamua asubuhi na ngapi jioni.

Katika maana hii "keep" ni kazi isiyokwisha. Kitabu kilichoandikwa siku ya kwanza ya mwaka na kisiandikwe tena, hicho hakijatunzwa. Wanachama waliotoa mahindi yao, au maembe yao, au akiba yao ya kila juma, hawana ulinzi mwingine ila kalamu ya mtu huyo. Kufuli hulinda karatasi. Kuandika hulinda fedha.

KUDUMU BILA KUHARIBIKA

Kuna maana nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaifundishwi, na kwa mkulima labda ndiyo kubwa kuliko zote. Mara nyingine "keep" haina kitu cha kutendwa mbele yake. Twasema tu: "Mangoes do not keep." Hapo maana yake si kuweka wala kufuga. Maana yake ni kudumu bila kuoza: maembe hayakai, huharibika upesi. Watu wa Kalamba hawahitaji kuelezwa zaidi. Maembe yakiiva yote mara moja, bei huanguka, na mengine huozea chini ya miti. Ndiyo sababu Kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda cha matunda hapo Kalamba, ili maembe yasagwe kuwa rojo. Kwa Kiingereza twaweza kusema: "A mango will not keep, but the pulp will keep." Embe halidumu, bali rojo lake lililotengenezwa vizuri hudumu.

Sasa tuyatazame mahindi. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini walisema hayo juu ya akiba iliyowekwa ipasavyo. Mahindi yaliyoingizwa ghalani yakiwa na maji huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo hudhuru maini. Mwaka 1981 watu 20 katika Wilaya ya Machakos waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa nguvu zaidi. Kufikia mwezi wa Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Wengi wao walikuwa watu wa Makueni na Kitui. Waliochunguza habari hiyo waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu, na kwa walioyaweka ndani ya nyumba wanamoishi badala ya ghalani.

Wazazi wale hawakuwa wazembe. Waliweka chakula ndani ya nyumba ili kukilinda, kama mtu yeyote mwenye watoto angefanya. Kwa Kiingereza twaweza kusema, "They kept the maize, but the maize did not keep." Waliyatunza mahindi, lakini mahindi hayakudumu. Msomaji, yakariri maneno hayo, kwa maana yana somo la lugha na somo la uhai pamoja. Si kila kitu kilichowekwa hukaa salama.

Mahindi ya kuhifadhiwa yapasa kukaushwa mpaka maji yaliyobaki ndani yake yasizidi sehemu 13.5 katika mia. Asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia chupa ya kioo iliyokauka vizuri. Atie ndani punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, aizibe, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Ayarudishe juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka chini bila kushika, mahindi yamekauka kiasi cha kutosha. Tena asidhani kwamba kupika kutamwokoa, kwa sababu moto wa jikoni hauondoi sumukuvu. Mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe.

Ukisoma juu ya mfuko au kibandiko maneno "Keep dry", sasa wajua maana yake: kitu hiki kisipate maji, leo wala kesho.

KUENDELEA, KUNGOJESHA NA KUZUIA

"Keep" ikifuatwa na kitenzi chenye mwisho wa "-ing", maana yake ni kuendelea bila kuacha. "Keep walking" ni endelea kutembea. "The rain kept falling" ni mvua iliendelea kunyesha. "He keeps asking for money" ni kila mara anaomba fedha. Na katika maneno haya kuna kunung'unika kidogo. Hapa wengi hukosea kwa kusema "keep to walk" au "keep walk". Sivyo. Siku zote ni "keep walking". Wengine huongeza "on", wakasema "keep on walking", na hilo ni sahihi pia. Hutia mkazo tu.

Ukimtia mtu katikati, maana hugeuka kidogo: "He kept me waiting", alinifanya ningoje. Karani mwenye adabu aliyechelewa kumhudumia mzee humwambia, "I am sorry to keep you waiting", yaani uniwie radhi kwa kukungojesha. Ni maneno machache, lakini mtu aliyesimama katika mstari tangu asubuhi huyasikia kama maji baridi.

Tena kuna "keep from", maana yake kuzuia. "The terrace keeps the rain from carrying away the soil": tuta huzuia mvua isichukue udongo. Watu wa nchi ya milima kama Nzaui na Mbooni walichimba matuta hayo ya fanya juu kwa jasho lao, wakirusha udongo upande wa juu wa mtaro. Na kila mwenye tuta ajua kwamba kulichimba mara moja hakutoshi. Lazima litengenezwe kila mwaka. Kazi hiyo ya kulidumisha huitwa "to keep up the terrace". Tuta lisilotengenezwa hubomoka, na maji hupita pale pale palipobomoka kwa ukali zaidi.

VIBAO NA VIBANDIKO

Sasa tufike penye hatari. "Keep" hupenda kufuatana na maneno madogo, na kila neno dogo humbadilisha sura:

"Keep quiet" ni nyamaza, au kaa kimya.

"Keep left" ni shika upande wa kushoto.

"Keep off the grass" ni usikanyage majani.

"Keep away" ni kaa mbali.

"Keep out" juu ya lango ni usiingie.

Mwenye kuyajua haya aweza kupita mjini bila kugombana na askari. Lakini tazama kibandiko cha dawa ya wadudu, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, au hata vidonge vya hospitali. Hapo huandikwa: "Keep out of reach of children." Tuseme mama mzee amenunua dawa ya kuua fukusi wa mahindi, naye hakusoma Kiingereza. Amwita mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee haya maneno mekundu."

Mtoto anaitazama sentensi. Anajua "keep" ni weka. Anajua "out" ni nje. Anajua "children" ni watoto. Neno "reach" hakulikuta darasani. Anaunganisha alivyoweza, akajibu: "Susu, wanasema iwekwe nje, kwa watoto."

Mama mzee anashangaa kidogo, lakini mtoto ndiye msomi wa nyumba. Chupa inawekwa nje, barazani, mahali watoto wanapochezea. Hapa hakuna aliyefanya uovu, ila neno moja limefasiriwa vipande vipande.

Maana yake ya kweli ni hii: dawa hii ikae mahali ambapo mkono wa mtoto hauwezi kufika. "Reach" ni kufikia kwa mkono. "Out of reach" ni pasipofikiwa. Basi pawe juu, pafungwe, na pasiwe karibu na chakula. Kila msomaji wetu ajuaye kusoma na awaeleze jirani zake maneno haya sita ya Kiingereza kama kitu kimoja, wala asiyakate. Kuyafundisha hakuhitaji shule. Kwahitaji dakika tano tu sokoni.

AHADI, SIRI NA NENO LA MTU

Maana ya mwisho ni ya heshima. "To keep a promise" ni kutimiza ahadi. "To keep one's word" ni kushika neno ulilolisema. "To keep the law" ni kushika sheria. "To keep a secret" ni kutunza siri, na neno hili limekuwa la kila siku tangu mwaka 2007, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu nchini Kenya. Ukisoma "Keep your PIN secret", usidhani ni kazi ya kuiandika namba mahali pa siri. Maana yake ni kwamba namba yako ya siri ibaki siri siku zote: asiijue mtu mwingine, hata yule anayejifanya mkubwa wa kampuni na kukuuliza kwa sauti ya upole.

Waswahili husema ahadi ni deni. Mwingereza naye huiona ahadi kama kitu kilichotiwa mkononi mwako ukitunze: ukiitimiza "you have kept it", usipoitimiza "you have broken it", umeivunja. Ahadi hulindwa kama kibuyu. Ikianguka, hairudi kuwa nzima.

JIPIME MWENYEWE

Sasa, msomaji, chukua kalamu na karatasi. Fasiri sentensi hizi saba kwa Kiingereza kabla ya kutazama majibu. Katika moja kati yake neno "keep" si mahali pake, uitambue.

1. Mjomba wangu hufuga mbuzi hamsini.
2. Weka jembe chini.
3. Nyama hii haitadumu mpaka kesho.
4. Alitimiza ahadi yake.
5. Endelea kuchimba.
6. Mwandishi wetu hutunza hesabu vizuri.
7. Samahani kwa kukungojesha.

Majibu ni haya: 1. My uncle keeps fifty goats. 2. Put the hoe down. 3. This meat will not keep until tomorrow. 4. He kept his promise. 5. Keep digging. 6. Our secretary keeps the books well. 7. I am sorry to keep you waiting.

Ukipata zote saba, hongera. Ukiikosa ya pili, usihuzunike. Mwandishi wa maneno haya aliikosa mbele ya mkubwa wake, na mzee mmoja alipanda mbegu zake kwa kuchelewa. Lakini usiikose mara ya pili. Na ukienda ghalani leo jioni kutazama mahindi yako, jiulize swali hili kwa lugha yoyote uipendayo: je, yamewekwa tu, au yatadumu?